Sahihi Chini ya Neno "Nimeelewa"

Kiswahili kina neno moja kwa mambo mawili. Jina ambalo mtu huliandika kwa mkono wake chini ya waraka huitwa sahihi. Na jambo lisilo na kosa, kama vile hesabu iliyofika kwenye jibu lake, nalo huitwa sahihi. Vijana wa siku hizi husema "saini" na "kusaini", wala siwakatazi, maana lugha hai hula kila inachokikuta njiani. Hata hivyo nasikitika kidogo neno la zamani linapopungua vinywani mwa watu, kwa sababu ndani yake limo sharti: mwenye kuweka sahihi anasema kwamba yaliyoandikwa juu yake ni kweli. Sasa basi, mtu akiweka sahihi chini ya maneno yasiyo ya kweli, naye anajua si ya kweli, na yule aliyemkabidhi kalamu anajua vilevile, ni nani kati yao aliyesema uongo?

Huenda msomaji akadhani kwamba nataka kuzungumzia mikataba mikubwa ya madini au ya mashamba. La hasha. Nazungumzia karatasi moja, tena ukurasa wa mwisho wa kijitabu cha kurasa kumi na nane, cha biashara ya maziwa yenye wafanyakazi tisa hapa Tukuyu.

Mwenye biashara hiyo ni mama niliyemfundisha zamani. Asubuhi hupokea maziwa ya wafugaji wa miteremko ya Mlima Rungwe na ya upande wa Mwakaleli, huyapima, huyapoza, mengine huyagandisha kuwa mtindi, na yanayobaki huyapeleka Mbeya. Ana wapokeaji, wapishi wa mtindi, mtunza fedha, waendesha pikipiki wanaobeba keni, na mlinzi wa usiku. Kwa miaka kadhaa biashara ilikwenda kwa mdomo tu. Ilipokua, rafiki yake mmoja wa mjini akampa kijitabu cha Kiingereza cha kampuni nyingine, akabadilisha jina la kampuni, akachapisha nakala tisa, na kila mfanyakazi akaweka sahihi kwenye ukurasa wa mwisho. Zoezi lote, kwa maelezo yake mwenyewe, lilichukua muda wa kunywa chai.

Mwezi wa Aprili, na anayeijua Tukuyu anajua Aprili yetu ilivyo, kijana mmoja wa pikipiki alikwama kwenye tope njia ya Mwakaleli tangu asubuhi hadi alasiri. Keni mbili zikachacha. Mwisho wa mwezi alikuta nusu ya mshahara wake haipo, na alipouliza akaonyeshwa ukurasa wa kumi na moja, kisha ukurasa wa mwisho wenye jina lake. Kijana huyo alimaliza darasa la saba. Alikuja kwangu jioni, akaniamkia, akakaa kimya kwa muda mrefu, halafu akaniuliza: "Mwalimu, hivi mimi nilisaini nini?"

Hakusema kwamba ameonewa, wala kwamba hakusaini. Alitaka kujua alisema nini, kama mtu anayeuliza alitamka maneno gani usiku alipokuwa na homa kali.

Nilimsomea ukurasa ule kwa Kiswahili. Ulisema kwamba amepokea kitabu, amekisoma chote, amekielewa chote, na amekubali kufungwa na kila sharti lililomo pamoja na mabadiliko yatakayofanywa na mwajiri wakati wowote. Ulisema pia kwamba kitabu hicho si mkataba, na kwamba mwajiri anaweza kumwachisha kazi saa yoyote kwa sababu yoyote. Yaani kitabu kinamfunga yeye, hakimfungi mwenye kitabu. Aliposikia hivyo alicheka. Mimi sikucheka.

Wiki mbili baadaye mama naye akaja, maana mambo ya mji mdogo hayafichiki. Alikuwa amekwisha kuutafsiri ukurasa ule. "Mwalimu, naomba unisahihishie lugha tu," alisema. Kichwani paliandikwa FOMU YA KUKIRI. Nilianzia hapohapo. Neno kukiri kwetu lina harufu ya kituo cha polisi. Mtu hukiri kosa, hukiri deni. Kanisani hukiri imani, lakini huko amekwisha fundishwa kwa muda mrefu darasani kabla ya kipaimara, na hakuna mchungaji wa Moravian wala wa Kilutheri ninayemjua anayempa mtoto maswali ya kiapo siku ya kwanza anapofika. Mfanyakazi aliyeingia leo asubuhi, hajamwaga hata kikombe kimoja cha maziwa, mbona tayari anakiri?

Kichwa hicho tulikibadili upesi. Kilichotuchelewesha ni vitenzi vilivyofuata. Nimepokea: hilo halina shida, mtu aliyeshika kitabu mkononi anajua amekishika. Nimesoma: hapo pana shida kidogo, kwa kuwa ni jambo la kweli au la uongo linalotegemea tu kama amepewa muda. Ukimpa mtu kurasa kumi na nane na kalamu kwa wakati mmoja, umemwambia kwa vitendo kwamba husadiki neno unalomtaka aandike.

Nimeelewa ndilo neno gumu.

Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila aliyewahi kuketi darasani katika nchi hii anaijua sauti nitakayoitaja. Mwalimu anamaliza ubao, anageuka, anauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia kwa pamoja na kwa furaha, "Ndiyoooo!" Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba swali hilo si swali. Anayetaka kujua kama mtoto ameelewa mgawanyo wa sehemu, ampe chungwa na watoto watatu. Kuelewa hakushuhudiwi na mwenye kuelewa peke yake, kwa sababu asiyeelewa mara nyingi hajui kwamba hajaelewa. Ndiyo maana ya kutoelewa. Anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ameelewa, na asiwe amesema uongo, na bado ikawa si kweli.

Tunaona basi kwamba mwajiri anayemtaka mfanyakazi aandike "nimeelewa" anamtaka ashuhudie jambo ambalo mfanyakazi hana njia ya kulishuhudia. Anayeweza kulijua ni yule aliyeeleza, kama alieleza, na kama aliuliza kisha akasikiliza majibu. Mzigo umewekwa kwenye bega lisilo lake. Naam, hilo ndilo lililonikera katika ukurasa ule, kuliko hata ukali wa masharti yake. Sharti kali lililoelezwa ni sharti kali tu. Lakini kumfanya mtu aanze kazi kwa kuandika neno ambalo nyote wawili mnajua halina kweli ndani yake ni kumfundisha somo la kwanza la kiwanda chako, nalo ni hili: hapa tunaandika tusiyoyamaanisha. Kisha mtu huyohuyo utamwambia kesho aandike kwa uaminifu lita alizopokea.

Nilitaka kujua karatasi ya namna hii ilizaliwa wapi, maana haikuzaliwa Rungwe. Katika Marekani, kwa desturi ya kisheria ya karibu majimbo yote, mwajiri anaweza kumwachisha mtu kazi wakati wowote bila kutoa sababu, na mfanyakazi anaweza kuondoka vivyo hivyo. Makampuni makubwa yalikuwa na vitabu vya wafanyakazi vilivyojaa maneno matamu: hapa mtu haachishwi bila sababu ya haki, hapa mtu huonywa kwanza. Mwaka 1980 mahakama ya juu ya jimbo la Michigan, katika shauri la Toussaint dhidi ya Blue Cross, iliamua kwamba ahadi za namna hiyo zinaweza kumfunga mwajiri aliyezitoa. Mwaka 1985 mahakama ya juu ya New Jersey iliamua jambo linalofanana na hilo katika shauri la Woolley dhidi ya Hoffmann-La Roche, na ikasema wazi kwamba mwajiri asiyetaka kufungwa na kitabu chake aandike humo, mahali panapoonekana, kwamba hakiahidi chochote. Wanasheria wa waajiri hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Tangu hapo kanusho likawa jambo la kawaida katika vitabu hivyo, na mfanyakazi akatakiwa kutia sahihi kwamba ameliona.

Kwa hiyo sehemu hiyo ya karatasi haikuandikwa ili mfanyakazi aelewe. Iliandikwa kwa hofu ya mwajiri kushikwa na maneno yake mwenyewe. Sina ugomvi na watu wa New Jersey. Hiyo ni sheria yao. Ila sentensi yao ilisafiri mpaka Tukuyu bila pasi ya kusafiria, ikaingia katika nchi ambayo sheria yake ni nyingine kabisa. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali ya kumwachisha mtu kazi na afuate utaratibu wa haki. Sahihi ya kijana wa pikipiki haiwezi kuifuta sheria iliyotungwa na Bunge. Hata yale makato ya maziwa yaliyochacha: sheria hiyo inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi chanzo chake na kiasi chake, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Tope la Aprili si kosa la mtu. Nilimwambia mama hivyo, naye hakubisha kwa muda mrefu. Ni mtu wa haki anapopewa nafasi ya kutulia. Kijana alirudishiwa fedha zake kwa mafungu mawili.

Kuna jambo katika sheria hiyo ambalo ningependa kila mwenye duka, hoteli au gereji alijue. Inasema kwamba mfanyakazi apewe kwa maandishi maelezo ya kazi yake, yaani mahali, saa, malipo na kadhalika. Halafu inaongeza kwamba ikiwa mfanyakazi haelewi maelezo hayo yaliyoandikwa, mwajiri ahakikishe kwamba anaelezwa kwa namna ambayo ataelewa. Watunga sheria waliliweka bega mahali pake. Hawakusema mfanyakazi ajitahidi kuelewa. Vilevile kanuni za mwaka 2007 zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zinapotaja jinsi ya kupima kama mtu aliyevunja taratibu za kazi ameachishwa kwa haki, zinauliza kama taratibu zenyewe zilikuwa za busara na zisizo na utata, na kama mtu huyo alizijua au ilitazamiwa kwamba angezijua. Neno ni kujua.

Mama hakuridhika mara moja, na sikutaka aridhike upesi, kwa kuwa hoja yake ilikuwa na uzito. "Mwalimu," alisema, "wewe unamtazama kijana mwema aliyekwama kwenye tope. Mimi nilikuwa na mwingine aliyetia maji kwenye maziwa. Laktomita ilimuumbua. Alipoulizwa alisema hakuambiwa kwamba ni kosa. Nikienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi nitaonyesha nini?" Ni kweli. Wako watu ambao neno "sikujua" ndilo ngao yao ya kila siku, na mwenye biashara ndogo hana idara ya sheria. Mshahara wa wanane hutegemea uaminifu wa wa tisa. Karatasi anaihitaji. Lakini nilimuuliza: mbele ya msuluhishi mwenye akili, karatasi ipi ina nguvu zaidi? Ile inayosema kwa Kiingereza kwamba mtu wa darasa la saba ameelewa kurasa kumi na nane kwa muda wa kunywa chai, au ile inayosema kwamba siku fulani alielezwa na mtu fulani kwamba kutia maji ni kosa la kuachishwa kazi, naye akaulizwa, akajibu hivi na hivi? Neno kubwa hutoa ushahidi mdogo.

Hapo nilifikiri nimemaliza, nikataka kuandika badala ya "nimeelewa" maneno "nimeelezwa". Ni maneno ya kweli zaidi, na yanamtaja mwenye mzigo. Lakini usiku ule nilimkumbuka Mangungo.

Hakuna mwanafunzi wa historia katika nchi hii asiyemjua Mangungo wa Msovero, kule Usagara. Tarehe 29 Novemba 1884 aliweka alama yake kwenye karatasi ya Karl Peters, na kwa karatasi hiyo na nyingine za jinsi hiyo kutoka Usagara, Uzigua, Nguu na Ukami, Peters alirudi Berlin, akapata hati ya ulinzi ya Kaisari tarehe 27 Februari 1885. Mji wetu huu wenyewe ukaja kuitwa Neu Langenburg. Shuleni tulizoea kusema Mangungo alidanganywa kwa kuwa hakujua kusoma, na tukaishia hapo. Watu wachache hukumbuka kwamba karatasi ile yenyewe inasema alielezwa! Imeandikwa humo kwamba mkataba ulifafanuliwa kwa sultani huyo na mkalimani, mbele ya mashahidi, kwa kufuata taratibu za Usagara. Maneno yote mazuri yamo. Hakuna mwanasheria wa leo ambaye angeongeza kitu. Kilichokosekana ni sauti ya Mangungo. Hatusikii aliuliza nini, wala alijibiwa nini. Mtu anayekabidhi nchi yake yote kwa mgeni aliyefika juzi bila swali hata moja, hicho kimya peke yake kinatosha kutuambia kwamba hakuna kilichoelezwa.

Wazee wa huku Rungwe waliokwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kwa njia ya Wenela, kabla serikali yetu haijasimamisha uandikishaji huo mara baada ya uhuru, walijua dole gumba lilivyo jepesi kuliko kalamu. Linagusa wino, linagusa karatasi, basi. Na leo tunagusa kioo cha simu. Redioni tangazo likifika mwisho, msomaji hukimbiza ulimi: vigezo na masharti kuzingatiwa. Anasema kwa mwendo ambao hakuna sikio linaloweza kuufuata, na wote tunajua kwamba ndivyo ilivyokusudiwa.

Kwa hiyo neno "nimeelezwa" nalo halitoshi likisimama peke yake. Linahitaji alama ya maelezo yenyewe, na alama ya maelezo ni swali.

Tulikubaliana na mama kwamba awakalishe wafanyakazi wake tisa alasiri mbili, baada ya maziwa ya asubuhi kuondoka, asome nao kitabu, ambacho kwanza tulikipunguza kutoka kurasa kumi na nane hadi saba na kukiweka katika Kiswahili. Alinikaribisha nikae pembeni. Wazee wetu waliishi kwa kanuni nyingi kuliko zilizomo katika kitabu chochote cha kampuni, wala hawakuzitia sahihi. Zilijulikana katika ukwangala, yaani kule kukaa pamoja na kuzungumza kwa raha, rika kwa rika. Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini aliyefanya utafiti huku pamoja na mumewe Godfrey kati ya mwaka 1934 na 1938, aliona jambo hilo lina uzito kiasi kwamba kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya rika vya Wanyakyusa alikiita Good Company. Sisemi tuwarudishe wafanyakazi wa maziwa kwenye vijiji vya rika. Nasema kanuni iliyozungumzwa na watu walioketi pamoja huingia mahali ambapo kanuni iliyosomwa na mtu mmoja kwa haraka haifiki.

Siku ya kwanza walikuwa kimya, wakiitikia tu. Mama aliposoma kuhusu saa za kazi, saa arobaini na tano kwa juma kama sheria ilivyoweka, waliitikia. Alipokabidhi nakala, kila mmoja alipokea kwa mikono miwili na kusema "ndaga". Ndaga ni adabu. Mgeni angeweza kuiandika katika daftari lake kuwa ni kukubali.

Siku ya pili tulifika kwenye likizo ya msiba. Kitabu kilifuata sheria ya 2004, ambayo iliweka siku zisizopungua nne zenye malipo mtu akifiwa na mtoto, mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Mama akasoma, akauliza kama limeeleweka. Likaeleweka. Nikaomba ruhusa, nikamuuliza mmoja wa wapokeaji, dada mtulivu ambaye hakuwa amesema neno: "Baba yako mdogo akifariki, utakuja kazini?" Akanishangaa. "Nitakujaje, Mwalimu? Si nimefiwa na baba?"

Mama akageuka kunitazama. Kwake, alipoandika neno mzazi, alikuwa amefikiria baba na mama waliokuzaa. Kwa dada yule, ndugu wa baba ni baba. Kwa Kinyakyusa humwita taata kama anavyomwita yule aliyemzaa, na msiba wake ni msiba wa nyumbani, wenye siku zake na kazi zake ambazo binti hawezi kuzikwepa. Wote wawili walijua kusoma. Wote wawili ni Wanyakyusa, na mama mwenyewe angekwenda kwenye msiba wa baba yake mdogo kabla jua halijachomoza. Neno lenyewe ni la Kiswahili, la herufi tano, lisilo na ugumu wowote. Kama wote wangeweka sahihi chini ya "nimeelewa", wote wangekuwa wakweli kabisa wa nafsi zao, na siku ya msiba mmoja angeandikiwa utoro na mwingine angeona amedharauliwa. Palikuwa na uelewa mara mbili, wala hapakuwa na kuelewana.

Mjadala uliofuata ulichukua karibu saa nzima, na sitaueleza wote. Sasa wote walikuwa na la kusema. Waliona wenyewe kwamba ukihesabu kila baba na kila mama wa ukoo, hakuna atakayebaki kupokea maziwa. Mwisho waliafikiana kwamba zile siku za sheria zibaki kwa wale waliotajwa na sheria, na baba wakubwa, baba wadogo na mama wadogo wapewe siku mbili, na anayehitaji zaidi abadilishane zamu na mwenzake. Mama aliandika hayo kwa mkono pembezoni mwa ukurasa wa nne, na kila mtu akaandika hivyo kwenye nakala yake.

Kuhusu neno "nimekubali" sikupata njia ya kuliokoa, nikaliondoa. Anayehitaji kazi akipewa taratibu za kazi huchagua kati ya kuzifuata na kurudi nyumbani. Hilo linaweza kuwa halali, na maisha yamejaa mambo ya namna hiyo. Mimi mwenyewe nilifuata nyaraka nyingi za wizara ambazo nisingeziandika. Lakini kufuata si kuafiki, na sioni mwajiri anapata faida gani kuunyakua hata moyo wa mtu pamoja na mikono yake.

Maneno tuliyoyaandika mwishowe ni haya. Sidai kwamba ni mazuri, na mwanasheria mmoja aliyeyasoma aliongeza nukta tu:

"Mimi, (jina), nimepewa nakala ya Taratibu za Kazi. Nimesomewa na kuelezwa taratibu hizi na (jina la aliyeeleza), kwa lugha ya (lugha), siku ya (tarehe) na siku ya (tarehe). Niliuliza haya: (mistari sita). Nilijibiwa hivi: (mistari sita). Najua kwamba hizi ndizo taratibu zitakazotumika kazini. Sahihi yangu haina maana kwamba naafiki kila moja, wala hainiondolei haki niliyopewa na sheria."

Na chini yake: "Mimi, mwenye biashara, nimemweleza (jina) taratibu hizi. Nami zinanifunga. Nikitaka kuzibadili nitazungumza naye na kumwandikia kabla hazijaanza kutumika."

Mama alisita kwenye maneno "nami zinanifunga". Alizunguka meza mara mbili. Nilimwambia kwamba asipoyaweka, basi afute pia yale ya juu, tuandike tu kwamba mtu amepokea kitabu. Akayaacha. Aliuliza pia afanye nini kwa mtu asiye na swali, maana wapo. Nikamjibu kwamba huyo aulizwe yeye maswali matatu, na majibu yake yaandikwe katika mistari ileile kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni ya kuchekesha. "Huo si mtihani, Mwalimu?" Nikasema ni mtihani, lakini wa mwalimu.

Fomu zilijazwa Jumamosi. Nyingi zilikuwa na maswali madogo: viatu vya mpira vikichanika nani hununua, pikipiki ikiharibika usiku hulala wapi. Mlinzi, mzee wa rika langu ambaye hakusoma shule, alikuwa wa mwisho. Alimwomba mtunza fedha amwandikie swali lake, nalo lilikuwa hili: mfanyakazi akichelewa mara tatu anaandikiwa barua, mshahara ukichelewa mara tatu, nani anaandikiwa barua?

Mtunza fedha alisita, akamtazama mama. Mama akamwambia aandike kama alivyoambiwa. Mzee akaweka dole gumba lake. Ile mistari ya majibu mama hakuijaza palepale. Aliichukua fomu, akaikunja, akaondoka nayo nyumbani, akairudisha Jumatatu asubuhi ikiwa imejaa mistari yote sita, kwa mwandiko wake mdogo ninaoujua tangu alipokuwa darasa la nne.